Mtandao wa duka lenye kompyuta nne, kuanzia ukutani hadi kwenye skrini

Mwongozo huu unafuata njia moja tu: pale intaneti inapoingilia dukani hadi inapofika nyuma ya kompyuta. Kila kifaa kilicho njiani tutakitaja jina, tutasema kazi yake, na tutaonyesha kinavyoharibika hapa pwani. Duka la mfano lina ofisi ghorofa ya juu, kama yalivyo mengi Mji wa Kale na Mtaa wa Biashara, Mombasa. Kuna kompyuta nne, printa moja ya mtandao, na simu za wafanyakazi zinazotumia Wi-Fi.

Kabla hujatoa pesa, elewa kwamba mtandao mdogo namna hii mara nyingi hauangushwi na ruta wala kompyuta. Huangushwa na kichwa cha waya cha shilingi chache, au na stima. Ndiyo maana waya utachukua nafasi kubwa hapa kuliko vifaa vya bei.

Vya kununua ni hivi: swichi moja ya gigabiti yenye milango minane, yaani kisanduku cha kuunganisha nyaya za vifaa vyote, akses pointi moja, yaani kisanduku cha kurusha Wi-Fi huko juu, mita 60 hivi za waya wa mtandao wa daraja la Cat6 au Cat5e, vichwa 20 vya RJ45, koleo la kubania vichwa, kipima waya chenye taa nane, mifereji ya plastiki ya kupitishia waya, na UPS ya 650 VA, yaani betri ya kushikilia vifaa stima ikipotea. Ruta na kisanduku cha faiba kwa kawaida huletwa na kampuni ya intaneti. Hesabu ya vichwa inatoka hapa: kompyuta nne, printa, akses pointi na ruta ni nyaya saba, sawa na vichwa 14. Sita vinavyobaki ni vya kuharibu, na vitaharibika.

Kisanduku cha faiba na ruta

Intaneti ya nchi hii huingilia kwa sehemu kubwa Mombasa, kupitia nyaya za chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo mawasiliano yalipanda hadi satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu na kushuka tena, kwa hiyo kila ombi na jibu lake lilikula zaidi ya nusu sekunde hata kama laini ni nene. Hapo ndipo wengi huchanganya upana na ucheleweshaji. Upana hupimwa kwa Mbps, ucheleweshaji kwa milisekunde. Feri kubwa ya Likoni hubeba magari mengi zaidi, lakini haikufikishi ng'ambo mapema kuliko ndogo. Ukilipia Mbps zaidi, unalipia feri kubwa. Na usisahau kwamba Mbps ni megabiti: gawanya kwa nane upate megabaiti. Laini ya 20 Mbps hushusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la megabaiti 700 litakula karibu dakika tano laini ikiwa yako peke yako.

Faiba inayoingia dukani huishia kwenye kisanduku kinachoitwa ONT. Kazi yake ni kugeuza mwanga kuwa umeme. Zitazame taa mbili. PON ikitulia kijani, mwanga unafika. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: faiba imekatika, imepindwa mno, au kichwa chake kina uchafu. Hapo kuzima na kuwasha ruta ni kujichosha bure, pigia kampuni. Usiipinde faiba kwa mviringo wenye kipenyo kidogo kuliko sentimita 6, na usiigongomee msumari. Kichwa cha kijani kimekatwa mshazari na hakipatani na cha buluu, hata kikikubali kuingia. Tena usichungulie ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani lakini ni wa leza.

Baada ya ONT inakuja ruta, ingawa siku hizi mara nyingi vyote viwili vimo katika kisanduku kimoja. Ruta ina mlango wa WAN, ambao hutazama nje, na milango ya LAN, ambayo hutazama ndani. Yenyewe ndiyo lango la duka: kila kinachotoka kwenda intaneti hupita hapo. Hugawa pia anwani kwa vifaa vya ndani, kazi inayoitwa DHCP, na hufanya vifaa vyote vya dukani vionekane nje kwa anwani moja, kazi inayoitwa NAT.

Swichi haina akili nyingi kama ruta, na hiyo ni sifa. Inajua tu ni kifaa gani kiko mlango upi, kwa kusoma anwani ya MAC iliyochapwa kiwandani katika kila kadi ya mtandao: jozi sita za tarakimu na herufi, mfano 3C-52-82-1A-0B-7F. Kompyuta ya kaunta ikituma kazi kwa printa, swichi huipeleka kwenye mlango wa printa peke yake. Habu, mzee wake, alikuwa akimpigia kelele kila mtu. Ukiikuta habu inauzwa kwa bei ya chini, iache hapo hapo.

Kosa la swichi ni moja lakini linaua: mtu anaona waya unaning'inia, anauchomeka kwenye tundu lililo wazi, kumbe ncha ya pili tayari iko kwenye swichi ile ile. Ujumbe unaanza kuzunguka bila kikomo, taa zote zinapepesa kwa kasi moja, na duka zima linakwama. Swichi za bei ya chini haziwezi kujikinga. Chomoa waya mmoja mmoja hadi taa zitulie, na wa mwisho uliochomoa ndio mkosaji.

Waya

Dukani utaonyeshwa nyaya mbili zinazofanana kwa macho, moja rahisi kwa nusu bei. Ile rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua unyuzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Huvunjika ukiupinda mara chache, hupoteza nguvu njiani, na kwa hewa yetu ya chumvi huota kutu nyeupe kwenye ncha mapema. Nunua shaba tupu hata kama ni Cat5e. Cat5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na duka lako halitafika huko. Cat6 ina faida ukipanga kukaa na waya huo miaka mingi. Inaweza kubeba gigabiti 10 hadi mita 55 hivi.

Pitisha mifereji kwanza, halafu waya. Waya wa mtandao ukienda sambamba na wa stima, utenge sentimita 20 au zaidi. Vikilazimika kukutana, vikatane kwa pembe mraba. Usiupitishe juu ya mota ya feni. Ukiwa Mji wa Kale, ulizia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kutoboa ukuta wa nje, maana lile ni eneo la hifadhi. Acha nusu mita ya ziada kila mwisho.

Sasa kichwa. Ondoa ganda la nje sentimita 3, ukizungusha kisu kwa mkono mwepesi. Nyuzi za ndani zikipata mkwaruzo, kata uanze tena. Utakuta nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne. Msokoto huo ndio unaozima kelele za umeme, kwa hiyo usiufungue zaidi ya milimita 13. Nyoosha nyuzi kwa vidole, zipange bapa. Shika kichwa ulimi wake wa kufungia ukitazama chini na tundu la kuingizia waya likikuelekea. Kutoka kushoto mpangilio ni:

1. nyeupe yenye mstari wa machungwa
2. machungwa
3. nyeupe yenye mstari wa kijani
4. buluu
5. nyeupe yenye mstari wa buluu
6. kijani
7. nyeupe yenye mstari wa kahawia
8. kahawia

Huu ndio mpangilio uitwao T568B. Upo pia T568A, ambao hubadilishana machungwa na kijani. Wowote utafanya kazi, mradi ncha zote mbili ziwe sawa. Sisi tunashika B kwa sababu ndio utakaoukuta kwa mafundi wengi, na atakayekuja kurekebisha hatababaika.

Kata ncha zote kwa mkato mmoja ulionyooka. Sukuma ndani mpaka uone shaba nane zikimeta kwenye uso wa mbele wa kichwa. Ganda la nje nalo liingie hadi chini ya kabari ya plastiki. Likibaki nje, mzigo wote wa kuvutwa unabebwa na nyuzi nyembamba na waya utachomoka mtu akijikwaa. Bana kwa nguvu mara moja. Weka ncha mbili kwenye kipima, uangalie taa 1 hadi 8 zikifuatana pande zote mbili.

Kipima nacho hudanganya kwa jambo moja, na ndilo linalowasumbua wanaojifunza. Mtu hupanga rangi kwa jozi: machungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili. Ncha zote mbili zinafanana, taa zote zinawaka, anafurahi. Lakini tundu la 3 na la 6 lazima yawe ya jozi moja iliyosokotwa. Kwa mpangilio wake, la 3 limepata kijani na la 6 limepata buluu, kila mmoja na mwenzake mwingine, na kelele haizimiki tena. Waya wa mita mbili utaonekana mzima. Wa mita 20 utakatakata, au utashuka kasi. Kwa hiyo ukipewa waya wa mtu, tazama rangi kupitia plastiki ya kichwa kabla hujaamini kipima.

Dalili nyingine ya kukumbuka: kompyuta na swichi ni za gigabiti, lakini kasi ya kiungo inaandikwa 100 Mbps badala ya 1000. Gigabiti hutumia jozi zote nne, wakati 100 hutumia tundu la 1, 2, 3 na 6 peke yake. Unyuzi wa 4, 5, 7 au 8 ukikatika, vifaa vingi hujishusha hadi 100 na kuendelea kimya kimya. Kata kichwa, bana kingine.

Anwani

Kila kifaa kinahitaji anwani ya IP. Katika duka letu ruta ni 192.168.1.1 na maski ni 255.255.255.0. Maski hiyo inasema namba tatu za mwanzo ni za mtandao mzima na ya mwisho ndiyo ya kifaa, kwa hiyo kuna nafasi 254. Ingia kwenye ruta kwa kuandika 192.168.1.1 katika kivinjari, badilisha nywila ya msimamizi iliyobandikwa chini ya kisanduku, kisha weka DHCP igawe kuanzia .100 hadi .199. Chini ya 100 ni za kupanga kwa mkono.

Printa ipe 192.168.1.10 ya kudumu. Usipofanya hivyo, siku moja stima itapotea na kurudi, printa itapewa anwani nyingine, na kompyuta zote nne zitaendelea kutuma kazi kwenye anwani ya zamani. Watu husakinisha printa upya kila wiki kwa sababu ya hili. Njia safi ni kwenda kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta na kuifungia MAC ya printa anwani hiyo, ili hata printa ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani ipate ile ile. Ruta nyingine hutaka anwani ya kufungia iwe ndani ya safu ya DHCP, ikikataa .10, tumia .110.

Wengi hupenda kutumia ruta ya zamani kama akses pointi. Inawezekana, kwa masharti matatu: ipe anwani 192.168.1.2, zima DHCP yake, na chomeka waya kwenye mlango wake wa LAN, si wa WAN. Ukisahau kuzima DHCP, kutakuwa na wagawaji wawili. Baadhi ya mashine zitapata lango sahihi na nyingine lango lisilokwenda popote, na kesho zitabadilishana. Ukichomeka WAN, ghorofa ya juu inakuwa mtandao mwingine. Intaneti inafika, lakini kutoka chini huzioni kompyuta za juu, na wa juu wakitafuta printa haijitokezi.

Wi-Fi na kuta za matumbawe

Kuta za zamani za matumbawe na chokaa zinaweza kuzidi nusu mita unene, na zikishika unyevu wa masika humeza mawimbi zaidi. Masafa ya 5 GHz ni ya kasi lakini hukwama haraka ukutani, ya 2.4 GHz hupenya zaidi lakini yamejaa majirani. Kwa hiyo usinunue ruta yenye antena nane ukitegemea itoboe ukuta. Vuta waya hadi juu na uweke akses pointi ndani ya chumba chenyewe, kwenye dari au juu ya kabati.

Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee, maana hizo hazigusani, na upana uwe 20 MHz. Ruta ya chini ikiwa 1, ya juu iwe 6 au 11. Usalama uwe WPA2 au WPA3, WPS (njia ya kuunganisha kwa kitufe bila nywila) izimwe, na wateja wapewe mtandao wa wageni uliotengwa na kompyuta za hesabu.

Kompyuta zenyewe

Nyingi zitakuwa za mtumba, zile za ex-UK. Prosesa ndiyo inayofanya kazi, RAM ni meza ya kazi inayofutwa ukizima, na diski ndiyo hifadhi. Gigabaiti 8 za RAM na diski ya SSD, ile isiyozunguka, vitakupa nafuu kuliko prosesa mpya. RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, kibonde cha chini kimehamishwa makusudi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea, kwa hiyo uliza kizazi kabla ya kuuliza bei.

Betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi ikifa, saa ya kompyuta hurudi miaka nyuma kila inapokosa stima. Tovuti zenye usalama hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza kutumika. Mtu hulaumu intaneti, kumbe tatizo ni betri ya bei ya soda. Tazama saa kwanza.

Chumvi na vumbi hugandana kwenye feni kama uji. Fungua mashine kila miezi mitatu, pangusa kwa brashi, puliza ukishika mapanga ya feni yasizunguke. Miguu ya RAM na vichwa vya RJ45 visafishe kwa spiriti ya aisopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, mashine ikiwa imechomolewa. Usiweke kompyuta wala swichi chini ya dirisha la upande wa bahari. Mashine ikitolewa kwenye chumba chenye eyasii kali kwenda kwenye joto, iache saa moja kabla ya kuiwasha, maana unyevu huganda ndani.

UPS ya 650 VA hutoa wati 360 hadi 390 hivi. ONT, ruta na swichi kwa pamoja hula wati 30 au chini, kwa hiyo vitakaa karibu saa moja betri ikiwa mpya. Printa ya leza usiichomeke humo. Hiyo huvuta kwa mkupuo inapopasha moto na UPS hulia au huzima. Betri hufa mapema kwa joto, basi isiwe juu ya friji wala kwenye jua. Stima ikirudi, subiri dakika mbili, kisha washa kwa zamu: ONT hadi PON itulie, ruta, swichi, printa, kompyuta.

Intaneti ikikatika

Fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani na haikujibiwa: tazama waya, swichi, kisha DHCP. Ikianza na 192.168.1, endelea:

`ping 192.168.1.1` isipojibiwa, tatizo liko ndani ya duka.
`ping 8.8.8.8` isipojibiwa ilhali ya kwanza imejibiwa, tatizo ni ONT au kampuni, tazama LOS.
`ping google.com` ikishindwa ilhali ya pili imejibiwa, ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta, kisha chomoa waya wa kompyuta na uurudishe ili ichukue mipya.

Zote tatu zikijibiwa lakini kivinjari hakifungui kitu, rudi kwenye saa ya kompyuta. Na kabla ya kuondoka, bandika karatasi ndogo kwenye kila ncha ya waya: namba ya mlango wa swichi, jina la kifaa, na anwani yake ikiwa ni ya kudumu. Andika kwa kalamu ya risasi. Wino wa kawaida kwa jasho na unyevu wa hapa hufifia.